Aliyekata Maua ya Mama Yako

Yustina,

Mashua ya kwenda Kilwa, ng'ambo ya ziwa, inaondoka kesho asubuhi. Nimeona niandike leo, kwa sababu kesho ufukweni kutakuwa na watu, mizigo na kelele, na mimi mbele ya watu nasema maneno machache. Hata bila watu nasema machache, unalijua hilo. Barua hii nitaiweka mkononi mwako kabla hujalala. Isome polepole. Herufi zangu ni mbaya, lakini ndizo nilizokufundishia kusoma, kwa hiyo hazitakushinda.

Sitaandika habari za kupika, wala za kumheshimu mume, wala za kuamka mapema. Wanawake wamekuweka ndani majuma matatu wakakufundisha hayo yote, na yale waliyokufundisha mimi siruhusiwi hata kuyauliza. Petro ni kijana mzuri. Anajenga mashua, na mtu wa kujenga mashua hawezi kuwa mwongo sana, maana maji yatamwumbua. Juu yake sina neno.

Neno ninalo juu yangu.

Ni mimi niliyemaliza maua ya mama yako. Si wewe. Mkono wako hauna kosa lolote, wala haukuwa nalo. Ukichoka unaweza kuishia hapa, kwa maana jambo lenyewe ndilo hilo. Lakini umelibeba miaka mitano, na naona ni haki yako kujua lilivyokuwa.

Nianze mbali kidogo. Mimi si mtu wa hapa, na watoto wenzako walikukumbusha hilo kila walipokuita mutoto ya mu-Kongo. Kwetu ni Marungu, milimani, ambako asubuhi kuna baridi na watu wanalima maharage. Nilisoma kwa mapadri miaka mitatu, nikaacha. Siku moja nilimwambia baba yangu kwamba naenda Pweto kununua chumvi. Nilikuwa na umri kama wako sasa. Nilifika Pweto, nikakuta watu wanatafuta wapagazi, nikaenda nao. Chumvi sikurudi nayo. Barua sikuandika. Kila mwaka nilisema nitaandika, na kila mwaka aibu ya mwaka uliopita ilikuwa imeongezeka, nikanyamaza tena. Kifo cha baba yangu niliambiwa na mtu wa njiani, mchuuzi wa tumbaku, na alikuwa na haraka. Sikuandikii haya ili uhuzunike. Mimi mwenyewe nayaandika na sihisi kitu. Nayaandika ili ujue kwamba huu ugonjwa wa kunyamaza haukuanza na mama yako. Nilikuja nao.

Hapa Nchelenge nilipata kazi kwa yule muzungu aliyekuwa anapima nyavu na kuandika samaki wanaovuliwa. Watu walimwita Bwana Samaki. Kazi yangu ilikuwa kufyeka nyasi na kuchota maji ziwani. Mke wake, Dona, alikuwa na bustani mbele ya nyumba, maua matupu, hakuna hata mche mmoja wa kula. Siku moja alinipa mkasi mdogo akaniambia nikate maua yote yaliyoanza kunyauka, kila siku. Nilikata matatu, nikasimama. Kwetu ua likinyauka ndipo kazi yake inaanza. Ua la haragwe linanyauka, ganda linatokea. Ukikata ua la haragwe umekata chakula.

Dona akatoka barazani.

"Sababu gani nasimama?"

"Dona, hili halijazaa."

"Hapana taka zaa."

"Sasa limekosa nini?"

Alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akaja akachuchumaa karibu yangu, akanieleza kwa maneno yake yaliyovunjikavunjika. Ua likishazaa mbegu, mmea unaona kazi imekwisha, unalala. Ukilikata kabla halijazaa, mmea unatoa lingine. Ukikata hilo, unatoa lingine tena. Unaudanganya hivyo mpaka mvua ziishe. Akanionyesha kwamba hukati kichwa peke yake, unashuka na shina hadi pale majani mawili yanapotokea, unakata juu yake, na pale yatachipua maua mawili.

Niliona ni ukatili, lakini kazi ni kazi. Nikajifunza, na nikajifunza vizuri. Baada ya mwaka mmoja sikuhitaji mkasi, ukucha wa kidole gumba ulitosha. Mikono yangu ilikuwa inakata yenyewe huku mimi nikiwaza mambo mengine. Hilo la mikono kufanya yenyewe ndilo lililoniponza baadaye.

Vichwa nilivyokata vilitupwa shimoni. Vile vilivyonipita, vikakaukia juu ya mmea, vilikuwa na mbegu ndani, na hivyo Dona aliniruhusu nivichukue. Nilimletea mama yako. Tulikuwa tumeoana mwaka huo. Alivisugua kiganjani, akapuliza makapi, akazitazama mbegu zilizobaki.

"Ni ya kula?"

"Hapana."

"Ni dawa?"

"Hapana. Ni ya kutazama."

"Basi tutatazama," akasema, akaenda kutafuta jembe.

Alipanda mstari mmoja kutoka mlangoni hadi njiani. Udongo wa hapa ni mchanga mtupu, kwa hiyo alizika chini yake matumbo na vichwa vya samaki, na mbwa wa kijiji kizima wakaja kufukua, na kila asubuhi ilikuwa ugomvi na wenye mbwa. Wanawake waliopita na vikapu vya samaki walimcheka.

"Chola, hii mboga yako inapikwaka na nini?"

"Na macho."

"Na bwana anashibaka?"

"Mumuulize mwenyewe. Hamuoni ananenepa?"

Mimi sijawahi kunenepa siku yoyote ya maisha yangu. Nilikuwa nimekaa mlangoni, mbavu nje, nao wakanitazama wakacheka zaidi, na mama yako akacheka nao.

Kazi ile ya kukata nilimwonyesha, akaikataa. Alisema kumnyima mwenzako uzazi ili aendelee kukupendezea ni roho mbaya. Aliyaacha maua yake yazeeke. Yaligeuka rangi ya kahawia, yakainama, na kama Dona angeyaona angesema ni bustani ya mvivu. Lakini mvua zikiisha mlitoka na ungo, wewe na yeye, mkakusanya vichwa vikavu, mkasugua, mkapepeta, mkatia mbegu katika kopo la maziwa. Na mvua zikirudi, yaliota. Mekundu, ya rangi ya machungwa, na yale ya waridi iliyopauka ambayo wewe uliyapenda. Ilikuwa hivyo kila mwaka tangu ulipoweza kutembea.

Homa ilimchukua kwa siku nne, katikati ya mvua, maua yakiwa yamechanua. Mbegu zote za kopo alikuwa amekwisha kuzipanda. Siku ya tatu alikuita akakuambia kwamba za mwaka huo utazikusanya wewe. Nilikuwa nje karibu na mlango, nikasikia. Ulikuwa na miaka kumi na nne.

Sikulia kwenye msiba. Watu wa mama yako waliliona hilo, wakasema mu-Kongo ana moyo wa jiwe. Haikuwa jiwe. Mtu akikalia mguu wake muda mrefu, mguu unakufa ganzi. Unaujua ni wako, unaupiga kwa ngumi, hakuna kinachojibu. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, na mpaka leo sehemu nyingine hazijaamka. Nimezoea. Natembea nao hivyo hivyo.

Sasa desturi ya hapa unaijua kuliko mimi, lakini niiandike, kwa sababu ndani yake ndimo nilimojificha. Mke akifa, mume anabaki amefungwa na kifo chake mpaka ukoo wa mke uje kumwachilia. Kabla ya siku hiyo hagusi vitu vya marehemu. Vyungu, nguo, shamba, chochote ambacho mkono wake ulikishika. Mwenye kuniachilia alikuwa mjomba wako, kaka wa mama yako, naye alikuwa migodini Kitwe, na barua zilisema anakuja, na hakuja.

Nilikuwa natoka kazini saa nane mchana. Wewe ulikuwa kwa mama mukubwa, dada ya mama yako, mnaanika samaki mpaka jua lipoe. Nyumba ilikuwa tupu. Siku moja niliona ua moja pembeni limeanza kunyauka, na mkono ukaenda. Sikufikiri. Ukucha ulishuka hadi kwenye majani mawili, ukakata. Kesho yake nilikata manne. Juma lilipoisha nilikuwa nakata yote yaliyonyauka, kila siku, navitia vichwa katika kofia yangu na kwenda kuvimwaga shimoni nyuma ya nyumba, chini ya takataka, ili visionekane. Kwa hiyo usiniambie sikujua kwamba ni kosa. Mtu asiyejua hafukii.

Kama ungeniuliza wakati ule kwa nini nafanya vile, ningekosa jibu. Sasa nadhani sikutaka kuona kitu chake kikizeeka. Nilitaka yabaki kama alivyoyaacha. Na yalibaki. Mvua ile yalichanua kuliko miaka yote, hata wale wanawake wenye vikapu walikuwa wanapita kimya. Jioni moja ulikuwa unasonga bukari, ukaniambia, "Tata, maua ya mama haizeeke." Ulikuwa na furaha kidogo, ya kwanza tangu msiba.

Nikasema, "Ndiyo."

Nafasi ilikuwa pale. Nilikuwa na mdomo, na ulikuwa umenigeukia. Nikasema ndiyo, nikanawa mikono, nikala.

Na jambo la kunishangaza ni hili. Mimi, mtu wa bustani, niliyefundishwa kwamba ua likikatwa halitoi mbegu, sikuiona mbegu. Miezi minne nilikata, na hata siku moja sikujiuliza mtoto atakusanya nini. Nilikuwa nayaona maua peke yake.

Mvua zikaisha. Ukachukua ungo wa mama yako ukatoka peke yako. Ulikusanya siku mbili, ukaleta kopo limejaa nusu, ukaniwekea magotini ili nitazame. Nilitazama mara moja tu, nikajua. Makapi. Hakukuwa na mbegu humo hata ya kumlisha ndege mmoja. Nikakurudishia kopo. Ukalifunga kwa kitambaa, ukalitundika juu ya moto kama alivyokuwa anafanya yeye, na miezi yote ya kiangazi lilikuwa linaning'inia pale, na mimi nakula chini yake.

Mvua za kwanza zilipofika ulipanda. Ulichota maji, ulizika matumbo ya samaki, uliwafukuza mbwa. Halafu ukangoja. Nilikuona mara nyingi unapiga magoti, unafukua kwa kidole kimoja, unatazama, unafunika. Mahali pengine pote nyasi zilikuwa zimeota.

Mama mukubwa alikuja jioni ya Jumapili. Alisimama pale kwenye mstari, mikono kiunoni. Mimi nilikuwa ninakula kibarazani.

"Ulimwanga maji?"

"Nilimwanga, mama."

"Samaki ulitia?"

"Nilitia."

"Basi ni mukono. Mukono yako ni mukavu. Mama yako, mbegu ilikuwa inamutii. Weye, hata mbegu yake inakukataa."

Nilisema, "Huyu ni mutoto."

"Mulamu, weye kula. Hii ni maneno ya banamuke."

Nikala.

Ningesema pale, wangeniuliza: ulikuwa unashika mali ya marehemu kabla hatujakuachilia? Na hapa kwenu mtoto ni wa upande wa mama. Wangekuchukua siku ileile, na mimi sikuwa na hata ndugu mmoja upande huu wa ziwa wa kunisemea. Hiyo ilikuwa hofu ya kweli, siitungi leo. Nilijiambia pia kwamba ni maneno ya jioni moja, kesho yatasahauliwa. Kwa hiyo nilikuacha uyabebe.

Lakini mwaka uliofuata mjomba wako alikuja kutoka Kitwe, wakanipaka unga, wakaniachilia, wakala, wakaondoka. Hofu yangu ilikwisha siku hiyo. Sikusema. Hapo sina kisingizio na sikitafuti. Nilikuwa nimezoea tu. Dona naye alikuwa amekwisha kurudi kwao, na Bwana mpya hakuwa na mke, akaniamuru ning'oe maua nipande nyasi, kwa hiyo hata mbegu za kukuletea kwa siri sikuwa nazo. Niliwahi kuwaza kufanya hivyo, nikuletee nyingine na nisiseme kitu. Unaona nilivyokuwa nafikiri.

Tangu Jumapili ile hukupanda tena. Ulidhani sioni. Njugu ulimpa Mulenga, rafiki yako, akupandie, ukamlipa kwa kumtwangia mihogo. Mahindi vilevile. Ulilima wewe, ulipalilia wewe, ulivuna wewe, lakini mbegu ilipita katika mkono wa mwingine. Mwaka juzi ulimwaga maji ya kuoshea sufuria nyuma ya jiko, na mbegu za maboga zikawa ndani yake, na maboga yakaota yakapanda hadi juu ya paa. Tulikula majani yake miezi mitatu. Nikakuambia, "Maboga yako ni mazuri." Ukasema, "Si yangu, Tata. Yameota yenyewe." Nilikuwa na nafasi nyingine pale, na maboga yenyewe yalikuwa yananisaidia kusema. Nikasema tu kwamba chumvi haitoshi.

Halafu ilikuja hii ndoa. Mama yake Petro alipokuja kuongea na mama mukubwa nilikuwa nje natengeneza mpini wa jembe, na ukuta wa matete hauzuii maneno. Mama yake Petro aliuliza kama unajua kazi.

"Anajua yote," mama mukubwa akasema. "Mbegu tu, mumupandie. Mukono yake iko kidogo mukavu."

Halafu yule mama akasema, "Mukavu ya mbegu, ao mukavu ya mutoto pia?"

"Hiyo ni Mungu anajua," mama mukubwa akasema, wakaendelea na habari nyingine.

Nilidhani wewe hukulisikia hilo. Lakini juma lililopita, kabla ya wanawake kukutoa ndani, nilipita karibu na ukuta wa matete nikakusikia humo ndani na Mulenga. Yeye alikuwa anakutania habari za Petro, kwamba ana mikono mirefu kama kasia. Hukucheka. Ulisema, "Nikikaa miaka mbili bila mutoto, batanirudisha."

"Nani alisema?"

"Mukono yangu inajulikana, Mulenga. Ilianza na mbegu ya mama."

Ulisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema leo kuna upepo. Ile sauti naijua. Ni yangu. Nilisimama pale nimeshika ndoo na kitu kikapita ndani, si kikubwa, kama kile kinachopita mguuni damu ikianza kurudi.

Yustina, mkono haukauki. Mbegu hazikuwamo katika kopo. Hata mama yako mwenyewe angezipanda zisingeota, hata mapadri wangezibariki. Nimefanya kazi ya bustani miaka ishirini na moja, na katika mambo yote ninayoyajua hapa duniani, hili ndilo ninalolijua kwa hakika. Ukiwa na shaka, uliza mtunza bustani yeyote wa wazungu huko Kilwa, atakuambia.

Nilichojifunza katika haya ni kidogo kwa kulinganisha na bei yake. Neno la kweli ni jepesi siku ya kwanza. Kama ningekuambia jioni ile ya bukari, ungenikasirikia siku mbili, na mwezi ule kulikuwa bado na maua ya kuacha yazae. Ningeyaacha manne tu, manne yangetosha. Siku ya pili neno lilikuwa zito zaidi, na kila nilipoliacha liliongezeka, mpaka likawa la kubebwa na mtoto kwa sababu mtu mzima hakutaka. Ukivunja chungu cha mama mkwe wako, sema siku hiyo hiyo, vipande vikiwa bado chini. Sina fundisho kubwa kuliko hilo.

Leo mchana nilikwenda kwa mama mukubwa. Sikutaka kusema kesho bila yeye kujua, maana ni mkubwa wetu. Alikuwa anageuza samaki juu ya matete. Nilimweleza yote. Aliendelea kugeuza samaki mpaka akamaliza safu nzima.

"Miaka tano, mulamu?"

"Mitano."

"Na miye nilikuwa ninatukana mutoto, na weye unakula."

"Ndiyo."

"Sasa unataka nini? Nisimame mbele ya bantu ya Kilwa niseme nilikosa?"

"Nitasema mimi. Wewe nilikuja kukujulisha."

"Muache aende. Akizaa, ile maneno itakufa yenyewe."

"Na asipozaa upesi?"

Alifukuza nzi. Halafu akasema, bila ukali, kwamba nikisema kesho mbele ya watu, kaka yake atasikia, na kiwanja hiki ni cha ukoo wao, na mume aliyevunja mwiko wa msiba hakai kwenye kiwanja cha ukoo. Alisema pia kwamba nimezeeka mno kuanza kujenga mahali pengine. Yote mawili ni kweli. Nilimuaga nikaondoka.

Kwa hiyo kesho itakuwa hivi. Mizigo ikishapakiwa, kabla hujapanda, nitamwita mama yake Petro na Petro mwenyewe, na mama mukubwa akisimama karibu ni sawa, na asiposimama ni sawa. Nitasema kwamba mimi ndiye niliyekata maua ya marehemu mke wangu kabla ya kuachiliwa, kwamba mbegu hazikuwamo, kwamba mtoto huyu alipanda makapi kwa sababu baba yake alinyamaza. Nitasema kwa Kibemba, ili hata wapiga kasia wasikie, halafu nitarudia kwa Kiswahili. Mambo ya kiwanja nitayaona yakija. Nimeyafikiria na sioni kama yananiumiza. Labda yataniumiza baadaye.

Usinijibu pale ufukweni. Usinisamehe mbele ya watu kwa sababu tu watu wanatazama, na kama una hasira nenda nayo, ni yako, sitakuomba uniachie. Panda mashua ukae karibu na mume wako.

Mvua zikianza huko, watakupa shamba, na mwanamke mmoja mwenye huruma atakuja kusema nipe mbegu nikupandie. Mshukuru, umwambie hapana. Chimba mwenyewe, utie mwenyewe, ufunike. Isipoota, ilikuwa mbegu mbaya. Panda nyingine.

Ni mimi baba yako,
Leonardi